Patasi Namba Kumi na Saba

Saa kumi jioni, siku ya Jumatano, vifaa vya mafundi vilihesabiwa getini vikawa mia mbili na kumi na tatu. Asubuhi vilikuwa vimeingia mia mbili na kumi na nne.

Mlinzi wa zamu alirudia. Alizipanga nyundo na nyundo, misumeno na misumeno, akapita na kalamu yake mstari baada ya mstari, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Mia mbili na kumi na tatu.

"Rudia," alisema msimamizi wa ukarabati, mwanamke mrefu aliyevaa kofia ngumu ya njano na ambaye jengo zima lilimwita Bi Timazi.

"Nimerudia mara mbili, mama."

"Basi ya tatu haitakuua."

Hakufa, na hesabu nayo haikubadilika. Iliyokosekana ilikuwa patasi namba kumi na saba, patasi ya chuma kitupu isiyo na mpini wa mti, urefu wake shibiri moja, namba yake imepakwa rangi nyekundu. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, palikuwa na sahihi ya fundi mkongwe wa plasta waliyezoea kumwita Mzee Kioo, kwa sababu ukuta ukitoka mikononi mwake unatamani kujitazama ndani yake.

Mafundi arobaini na mmoja wakasimama juani. Mifuko ikageuzwa nje ndani, viatu vikavuliwa, chupa za maji zikatikiswa. Fundi umeme, kijana wa miraba minne waliyemwita Waya, akainua mguu mmoja.

"Afande, shibiri nzima ya chuma ningeificha wapi? Kwenye soksi hii yenye matundu?"

Hakucheka mtu. Kwingineko patasi ikipotea, fundi hutukana kidogo, akanunua nyingine, kazi ikaendelea. Hapa sivyo. Hili lilikuwa jengo la serikali, ghorofa kumi na moja, lenye majalada ambayo hata vumbi lake lilikuwa na mlinzi. Milango ilifunguka kwa kadi. Madirisha yalikuwa na nondo. Na wenye jengo hawakuwa wamehama. Walikuwa humohumo, wakiandika na kupiga mihuri, wakati mafundi wakivunja na kujenga ghorofa moja baada ya nyingine. Bi Timazi alizoea kusema kazi ile ni kubadilisha shuka huku mgonjwa amelala kitandani. Ghorofa ikikamilika, watumishi wa ghorofa ya juu yake hushuka kuingia, na yao ikabaki tupu kwa ajili ya nyundo. Sasa walikuwa kwenye ya tano, na watumishi wa ya sita walikwisha ahidiwa kushuka Jumamosi.

Mkuu wa Ulinzi alikuwa mwanajeshi mstaafu, shati lake limenyooshwa mpaka mikunjo ingekukata kidole. Hakupaza sauti. Hakuwa na haja.

"Kanuni ya tisa," alisema. "Chuma chenye ncha kikibaki ndani kinahesabiwa kuwa silaha iliyofichwa, mpaka kionekane. Nawapa hadi kesho saa kumi. Isipopatikana, ghorofa ya tano inafungwa siku thelathini kwa upekuzi, na aliyetia sahihi kibali chake kinafutwa."

"Kinafutwa kwa muda gani, Afande?"

"Kufutwa ni kufutwa, Bi Timazi."

Alijua maana yake. Siku hizi waliozidi miaka sitini hawakupewa vibali vipya vya kuingia kwenye majengo ya namna hii. Walionavyo waliachiwa tu. Mzee Kioo alikuwa na sitini na nne. Kibali chake kikifutwa, hatapata kingine, na faili lake litabaki na mstari mmoja: kifaa kilipotea mikononi mwake. Mtu aliyepiga plasta nusu ya kuta za mji huu angetolewa getini kama mwizi wa patasi.

Mzee mwenyewe alisimama pembeni, kofia mkononi, mvi zake zimejaa vumbi la saruji.

"Binti," alimwambia Bi Timazi kwa sauti ya chini, "nimeiacha wapi?" Aliuliza kama mtu anayeuliza mtoto amelala kwa nani.

"Mara ya mwisho ulikuwa unafanya nayo nini?"

"Nashikiza bomba. Nilikuwa juu ya jukwaa, nashikiza bomba."

Hapo Bi Timazi akaelewa. Kwenye korido ya ghorofa ya tano kulikuwa na ukuta mmoja mrefu, na ndani yake walikuwa wamechimba mifereji tisa iliyoshuka kutoka darini, kila mmoja na bomba la nyaya za umeme. Bomba likiingizwa kwenye mfereji halitulii, hutaka kuruka nje. Waashi wa zamani, kabla ya kulizungushia saruji, hulibana kwa patasi, wakasubiri saruji ishike, kisha wakaichomoa na kuhamia mfereji unaofuata. Mzee Kioo hakuwahi kusahau kuichomoa, si mara moja, katika miaka arobaini.

Lakini Jumatano hiyo, saa tano asubuhi, ilikuja amri. Mgeni mkubwa anapita. Tokeni wote, mikono mitupu, sasa hivi! Wakashushwa chini, wakakaa dakika hamsini. Waliporudi, saruji ilikuwa inaanza kugandia kwenye ndoo, na Bi Timazi mwenyewe akawaambia wabadilishane sehemu ili isipotee bure: Mzee Kioo aende mwisho wa korido, na mwenzake aifunge mifereji. Mwenzake akaikuta patasi imekwisha kufunikwa na saruji, akadhani ni uvimbe wa ukuta. Akapigilia wavu wa chuma juu ya mifereji yote tisa ili isije kupasuka, akapiga plasta, akasawazisha. Kazi safi kabisa. Hakuna jicho ambalo lingeona kitu.

*

Jina la Timazi hakupewa na mzazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma chini, unaomwambia mwashi kama ukuta umesimama au umelewa, na yeye alikuwa akiuning'iniza kila mahali, hata kwenye kuta za watu wengine alizokwenda kutembelea. Mama yake alikuwa akiwachemshia vibarua chai, na yeye alikulia kwenye malundo ya mchanga, akijifunza kuhesabu kwa matofali. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa kubeba maji. Siku moja fundi mmoja, ambaye siku hizo hakuwa mzee, alimtazama akimimina maji kwenye saruji bila kumwaga hata tone.

"Wewe wa maji, njoo. Shika mwiko huu."

"Bwana fundi, huyo ni mwanamke," wenzake walisema.

"Nimeuuliza ukuta," akajibu, "unasema hauna neno."

Akamfundisha miaka sita. Baada ya hapo lilifuata darasa la jioni, cheti, unyapara, na mwishowe mkandarasi akamkabidhi jengo zima la ghorofa kumi na moja. Siku ya kwanza ya kuandika orodha ya mafundi, jina la kwanza aliloandika lilikuwa la yule fundi.

Jioni hiyo ya Jumatano mumewe, fundi cherehani, alimkuta amekaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni.

"Una uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Patasi imepotea kazini."

"Nunueni nyingine."

"Ungekuwa wewe ndiye Afande, nchi nzima ingebebwa na wezi ikiwa mchana kweupe."

Akamweleza yote. Mumewe alisikiliza huku akikunja suruali ya mteja. "Mimi sindano ikipotea," alisema, "unajua ninavyoitafuta?"

"Unaita watoto."

"Watoto wakishindwa, je? Nakaa kwenye kiti kilekile. Nashika nguo ileile. Najifanya nashona. Nikifika pale niliposhtuka, mkono wenyewe unaniambia."

"Na huwa iko wapi?"

"Kwenye kola ya shati langu."

Bi Timazi akaitazama kola ya mumewe. Zilikuwamo sindano mbili. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu saa kumi, akavua viatu.

*

Alhamisi saa moja asubuhi Waya alikuwa akimsubiri nje ya geti, na macho yake yanameta.

"Bosi, dukani zipo. Zimefanana kama mapacha. Rangi nyekundu ninayo. Naandika kumi na saba, naipitisha ndani ya mfuko wa saruji, mchana naiokota kwenye kifusi. Oo, hii hapa! Mambo yamekwisha."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile imekufa ukutani. Marehemu aachwe apumzike."

Bi Timazi hakumkaripia. Alimshika mkono akamsogeza pembeni.

"Nisikilize, Waya. Zimebaki ghorofa sita. Nitapita kwenye korido hiyo kila siku ya Mungu, na kila nikipita nitajua kuwa ukuta ule unasema uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Siwezi."

"Basi mbane Afande. Kanuni ya tisa anaijua kwa moyo. Ya kumi na moja je? Mafundi wakitolewa katikati ya kazi, vifaa vihesabiwe mlangoni pa ghorofa. Jana nani alihesabu? Tulifukuzwa kama kuku!"

"Hilo nimelikumbuka hata kabla yako."

"Sasa?"

"Sasa tukimrushia yeye, patasi itatoka ukutani yenyewe?"

Waya akakuna kichwa. "Haitatoka."

"Twende tukaitoe."

Kwanza ilibidi kupanda kwa Mkurugenzi wa Utawala, mama aliyekaa nyuma ya meza kubwa na miwani yake kwenye ncha ya pua. Kuvunja mfereji kulimaanisha kuzima umeme wa nyaya zilizomo, na nyaya hizo ndizo zilizolisha ghorofa ya sita, ambako watumishi walikuwa wakifanya kazi ya haraka.

"Nataka kuzima mara tisa, mama."

"Nakupa mbili."

"Mama Mkurugenzi, mifereji ni tisa."

"Na mimi nina watu themanini huko juu, na ripoti ya kesho. Mbili, Bi Timazi. Chagua vizuri."

Alishuka ngazi polepole, akihesabu. Kila mfereji ulihitaji saa moja na nusu kuvunjwa bila kukata waya. Hata angepewa tisa, saa kumi ingemkuta kwenye wa tano. Mara mbili tu, na asikosee mara zote mbili.

Vijana wa ulinzi walileta kile kifaa cha mkononi wanachopitishia watu getini, kinacholia kikikuta chuma. Wakakipitisha ukutani. Kililia. Wakakisogeza, kikalia tena. Kililia mwanzo wa ukuta, kikalia katikati, kikalia mwisho, kama mtoto anayeota meno, kwa sababu ya ule wavu wa chuma uliopigiliwa juu ya mifereji yote.

"Kizimeni," alisema Bi Timazi. "Kinatupigia kelele tu."

Mzee Kioo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono kwenye magoti. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu. "Binti, acha. Nimezeeka. Nitarudisha kibali mwenyewe, ghorofa isifungwe kwa ajili yangu."

"Ukirudisha, ghorofa itafungwa vilevile. Inuka, baba. Leo tunaanza Jumatano upya."

"Vipi?"

"Panda jukwaani. Fanya kama jana. Mikono mitupu, lakini fanya."

Wakalirudisha jukwaa mahali pake. Mzee akapanda, akageukia ukuta. Shida ilikuwa kwamba jana hakuifuata mifereji kwa mpangilio. Alikwenda popote ambapo Waya alikuwa amemaliza kuvuta bomba, na Waya naye, kwa kujishughulisha kwake, alikuwa amevuta la pili, la nane, la tano, la kwanza, hakumbuki. Mzee akaenda huku na huko juu ya ubao, akiinua mkono wa kushoto kama anayezuia bomba, wa kulia kama anayegonga. Kila mfereji ulifanana na mwenziwe.

"Hapana," alisema. "Yote ni sawa."

"Amri ilipokuja, uliona nini?"

Mzee akafumba macho. "Nilimwona Afande nusu."

"Nusu vipi?"

"Niligeuza shingo. Nikaona mkono wake unapunga, na bega. Uso ulikuwa umekatwa na nguzo."

Korido ile ilikuwa na nguzo nene mbili zilizochomoza ukutani, moja karibu na lifti, nyingine karibu na ngazi. Mtu aliyesimama mwisho wowote angeonekana mzima kutoka mifereji fulani, angepotea kabisa kwa mingine, na angekatwa nusu kutoka mahali pamoja tu. Bi Timazi akaenda mwenyewe kumwita Afande.

"Mimi sifanyi michezo ya kuigiza," Afande alisema.

"Afande, simama tu ulipokuwa umesimama jana, utoe amri ileile. Mara moja."

Afande akavuta shati lake likanyooka zaidi, akaenda kusimama mlangoni pa ngazi. "Tokeni wote!"

Mzee Kioo aligeuza shingo kuelekea ngazi. Bi Timazi akamtembeza juu ya jukwaa kutoka mfereji hadi mfereji, na kila mara Afande akatakiwa kupunga mkono. Kwenye wa saba, nguzo ilimkata Afande katikati kama kisu.

"Hapo," alisema Mzee, lakini kwa sauti isiyojiamini.

"Zimeni umeme!"

Wakauvunja wa saba. Walivunja kwa uangalifu, wakaukata wavu, wakaondoa saruji kwa vipande vidogo kama wanaomvua mgonjwa bandeji. Ilipofika saa saba na nusu, bomba lilikuwa wazi kutoka darini hadi kiunoni mwa mtu. Hapakuwa na kitu. Bomba tu, na saruji.

Waya aliketi sakafuni. "Bosi, duka halijafungwa," alinong'ona.

"Washa umeme wa watu," alijibu Bi Timazi, hata hakumtazama.

Alikwenda akasimama mbele ya ukuta. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, naye alijua, lakini kichwa chake hakikuwa kwenye maji. Kilikuwa kwenye korido. Akamgeukia Mzee.

"Mbona ulisitasita?"

"Sauti," alisema Mzee Kioo. "Jana ilinishtua. Nusura nianguke. Leo nimeisikia kwa mbali." Akagusa sikio lake la kulia. "Hili limekufa kwa nyundo, unajua. Linalosikia ni la kushoto."

Bi Timazi akautazama ukuta, akajiweka kama alivyokuwa Mzee, uso ukutani. Ngazi zilikuwa kuliani kwake. Lifti ilikuwa kushotoni.

Akageuka taratibu kumtazama Afande, na mafundi wote wakageuka naye. Mlinzi wa zamu, aliyeshika lile daftari, naye akageuka, kisha akayatazama mabuti yake.

Lilikuwa jambo dogo na lilikuwa jambo kubwa. Katika kumbukumbu za Jumatano Afande alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alisimama mlangoni pa ngazi, ambako ndiko mafundi walikotokea, na kwamba vifaa vilihesabiwa.

"Afande," alisema Bi Timazi, "mimi sitafuti wa kumlaumu. Natafuta patasi. Nimebakiwa na nafasi moja."

Saa ya ukutani, iliyotundikwa upya wiki hiyo, ilisonga bila haya. Akamtazama yule mzee juu ya jukwaa, mzee anayelingana naye umri, aliyesimama mikono mitupu mbele ya ukuta uliopigwa plasta vizuri kupita kiasi.

"Sikuwa mlangoni," alisema hatimaye. "Nilikuwa lifti. Mgeni aliwahi, nikataka nimpokee mwenyewe. Nilipiga kelele kutoka huko, na sikuhesabu kitu."

Afande hakusubiri kuombwa. Alitembea korido yote kwa hatua zake za gwaride, akasimama mbele ya lifti, akavuta pumzi.

"Tokeni wote!"

Mzee Kioo alishtuka mpaka ubao ukayumba. Akageuza shingo upande wa kushoto, na mara hii hakuhitaji kutembezwa. Miguu yake ilijisogeza yenyewe, hatua mbili, ya tatu, mpaka nguzo ya lifti ikampunguza Afande akabaki mkono na bega. Mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa umeinuka juu ya kichwa, karibu na dari, umebana hewa.

"Wa tatu," alisema. Sauti haikutetereka.

"Una hakika, baba?"

"Nilimwona hivyohivyo. Nikasema moyoni, nitarudi kuichomoa."

Ilikuwa saa nane na robo. Waya alizima umeme kabla hajaambiwa. Bi Timazi akavua koti lake la kazi, akapanda mwenyewe, akashika nyundo, na Mzee akashika patasi namba kumi na nane, dada wa aliyepotea. Walivunja kama walivyokuwa wakivunja zamani, yeye akigonga, Mzee akielekeza, bila neno zaidi ya "hapa" na "polepole." Plasta ikadondoka. Wavu ukakatwa. Saa tisa na dakika ishirini patasi ya Mzee iligonga kitu kilicholia kwa sauti nyingine, sauti kavu na nyembamba, na wote chini ya jukwaa wakaisikia.

Mzee Kioo aliikwangua kwa kucha. Ilitokea kwanza rangi nyekundu, kisha mguu wa saba.

"Kumi na saba," alisoma, kisha akakaa palepale juu ya ubao.

Waya akapiga kofi moja kubwa. "Marehemu amefufuka!"

*

Saa kumi kasoro dakika tano vifaa vilihesabiwa getini vikawa mia mbili na kumi na nne: vya siku hiyo vyote, na kimoja cha jana. Mlinzi wa zamu akaandika. Alitaka kufunga daftari, lakini Afande akaweka kiganja juu yake. Akafungua ukurasa wa Jumatano, akakata mstari wake mwenyewe kwa rula, akaandika juu yake kilichotokea kweli, akatia sahihi. Akamsogezea Bi Timazi kalamu.

"Kama unaongeza, ongeza."

Akaongeza. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyewaamuru mafundi wabadilishane sehemu kabla ya kila mmoja kukusanya vifaa vyake, ili kuokoa ndoo mbili za saruji. Mzee Kioo alisoma kwa shida juu ya bega lake.

"Hayo ya nini, binti? Imekwisha patikana."

"Ili kesho nisirudie."

Kibali cha Mzee, kilichokuwa kimechukuliwa getini wakati wa kuhesabu, kilirudi shingoni mwake. Afande alimrudishia kwa mikono miwili, na Mzee akakipokea vivyo hivyo.

Lakini ukuta ulikuwa na vidonda viwili virefu, na keshokutwa yake ilikuwa Jumamosi. Waya alisema rangi juu ya plasta mbichi hushika vizuri tu siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo wakubwa hupita kukagua. Bi Timazi alimtazama mpaka akaenda kuchanganya saruji. Plasta ilihitaji siku zake za kukauka, na yeye hakuwa na namna ya kuziomba zipungue.

Ijumaa asubuhi alipanda tena kwa Mkurugenzi.

"Jumamosi haiwezekani, mama. Jumanne."

Mkurugenzi alivua miwani. "Niliwaahidi watu themanini. Wamekwisha funga maboksi. Nani atakwenda kuwaambia?"

"Mimi."

"Watakula nyama yako."

"Nina mifupa mingi, mama."

Akapanda ngazi hadi ghorofa ya sita kwa miguu. Ukumbi mrefu ulikuwa umejaa maboksi mpaka kwenye madirisha, na watu walikuwa wamekaa juu yake, wengine wakiandika magotini kwa kuwa meza zilikuwa zimekwisha funguliwa miguu. Walipomwona na kofia yake ya njano, wakamgeukia.

"Hamshuki kesho," alisema. "Mtashuka Jumanne. Ukuta mmoja tulilazimika kuuvunja mara mbili, na sitawaingiza kwenye ukuta mbichi."

Kelele zikalipuka. Karani mmoja akauliza kama yeye ataandika siku tatu juu ya goti kama mwanafunzi wa zamani. Mwingine akasema mafundi wote ni wale wale. Mama mmoja mtu mzima, aliyekalia boksi la majalada, akauliza kwa sauti iliyozipita zote:

"Na Jumanne ikifika, tutaambiwa Alhamisi?"

"La, dada."

"Tutajuaje?"

"Njoo ghorofa ya tano leo mchana uiguse plasta kwa mkono wako. Njoo na kesho, na Jumapili nitakuwapo. Jumatatu utaniambia wewe kama imekauka."

Yule mama alimpima kwa macho, kutoka kofia hadi mabuti yenye saruji.

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nitakuja na wenzangu," akasema, na akaanza kufungua boksi lake, akatoa kalamu, muhuri na kikombe, akavipanga juu ya dirisha kama mtu anayejua atakaa hapo siku nne zaidi. Wengine wakamtazama, wakaguna, nao wakaanza kufungua.

Bi Timazi alishuka. Kwenye ghorofa ya tano Mzee Kioo alikuwa ameinamia ndoo, akionja mchanganyiko kwa vidole.

"Wamesemaje?"

"Wanakuja kukagua. Saa nane."

"Wangapi?"

"Ukumbi mzima, nadhani."

Mzee akainua mwiko, akatazama mfereji wa tatu kutoka darini hadi chini. "Basi tusiwacheleweshe," alisema, akapanda jukwaani.